Kabla hujampeleka kakako Ruai, nenda saa kumi jioni bila kupiga simu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Umoja, nalifupisha manake lilikuwa refu. Kaka yake ana miaka 31, ana usonji (autism) na ulemavu wa akili, maneno anayo machache sana, na kifafa humshika mara moja moja. Mama yao ndiye alikuwa naye maisha yote, mama amefariki mwezi wa pili, na dada mwenyewe anatoka kwenda kazi saa kumi na moja asubuhi akirudi usiku. Saa hii kijana anashinda kwa jirani. Amepata senta ya kukaa watu wenye ulemavu, upande wa Ruai, shilingi 45,000 kwa mwezi, taili kila mahali, vitanda vimetandikwa, cheti kimebandikwa kwa ukuta. Wamemwambia miezi mitatu ya kwanza asikanyage huko ndo kaka azoee, baada ya hapo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi na apige simu kwanza. Pia wamesema asibebe redio yake, vitu vya watu huwa vinapotea. Anauliza: daktari, nitajuaje mahali ni pazuri? Na hivi si ni kumtupa kaka yangu?

Dadangu, kwanza pole sana kwa mama. Na mimi si daktari, mimi ni OT, occupational therapist, yule wa kusaidia mtu afanye shughuli zake za kila siku, na hii kazi ya kukaa na watu wazima wenye usonji na ulemavu wa akili nimeifanya hapa Nairobi miaka 19 sasa. Senta nimeingia nyingi, zingine nikiitwa kufundisha wafanyikazi, zingine familia imenituma tu, "hebu enda utuangalilie mtu wetu". Kwa hivyo ntakuambia venye mimi huangalia nikifika mahali.

Hiyo ya miezi mitatu ndo imenishtua kuliko kitu chochote kwa barua yako, na wewe umeiandika hapo katikati kama kitu kidogo. Hakuna sababu yoyote ya matibabu ya kumnyima mtu dada yake siku tisini eti ndo azoee. Mtu mwenye usonji hazoei mahali kwa kukatiwa watu wake ghafla, tena huyu amezika mama juzi na sidhani kuna mtu ameweza kumuelezea mama alienda wapi. Kwake mama alipotea. Sasa na wewe upotee, alafu ajipate amelala kwa nyumba ya watu hawajui. Atalia wiki ya kwanza, ya pili atagoma kula, ya tatu atanyamaza, na hapo ndo watakupigia wakuambie ametulia kabisa, umeona?

Kuna mahali Uingereza palikuwa panaitwa Winterbourne View, karibu na Bristol, hospitali ndogo ya watu 24 wenye ulemavu wa akili na usonji. Jengo lilikuwa jipya, na serikali ilikuwa inalipa wastani wa pauni 3,500 kwa mtu mmoja kwa wiki. Kwa wiki, sio kwa mwezi. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi hapo alilalamika kwa wakubwa wake, akaandikia na wakaguzi wa serikali, hakuna aliyeshtuka, mpaka BBC wakaingiza mwandishi wao na kamera ya siri na ikaonyeshwa kwa TV Mei 2011: watu wanachapwa makofi, wanakaliwa sakafuni, msichana anamwagiwa maji na nguo zake zote. Wafanyikazi 11 walipatikana na hatia, 6 wakaenda jela. Lakini kitu nataka ushike ni hiki: ripoti iliyofanywa 2012 ilisema familia zilipokuja zilikuwa haziruhusiwi kufika wodini wala kuona chumba cha mtu wao. Wanakutana naye mahali pa wageni, wanaongea, wanarudi nyumbani. Na hiyo ni nchi yenye wakaguzi wa kulipwa na sheria ndefu kama barabara ya Mombasa.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Afrika Kusini 2016, serikali ya jimbo la Gauteng ilitaka kupunguza gharama, ikavunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni, watu zaidi ya 1,700 wakatolewa, wengi wao wagonjwa wa akili na wengine wana ulemavu wa akili kama kakako, na wengi wakasambazwa kwa vijishirika vidogo 27 vilivyokuwa na leseni. Uchunguzi ulipofanywa ikapatikana hizo leseni hazikuwa halali. Familia zingine hazikujua hata mtu wao amepelekwa wapi, zinazunguka zikiuliza. Wakafa watu 144, kwa njaa, kiu, baridi, nimonia. Makaratasi yalikuwepo, mlango wa familia kuingia ndo haukuwepo.

Kwa hivyo hapo Ruai jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya kuuliza kitu ingine, waambie utakuwa unakuja siku yoyote, saa yoyote ya mchana, bila kupiga simu, na utaingia mpaka chumbani kwake. Wakikataa, usimpeleke. Hapo mimi sina mjadala. Wakisema kuna wakaazi wengine wanaosumbuka wakiona wageni, hiyo ni kweli inaweza kuwa, lakini dawa yake ni wewe na kakako mkae chumbani kwake ama mtoke nje mkatembee, haiwi kukufungia geti.

Tuseme wamekubali. Sasa nenda siku ya kawaida, Jumanne ama Alhamisi, ufike saa kumi jioni. Najua wewe unatoka kazi usiku, omba ruhusa hiyo siku moja. Asubuhi si saa ya kujua kitu, asubuhi watu wanaogeshwa, wanakunywa chai, kila mtu yuko mbioni, hata mahali pabaya panaonekana pana kazi. Na wageni huwa wanaletwa saa nne wakati meneja yuko. Saa kumi meneja ashaenda, chakula cha mchana kimesahaulika, cha usiku bado, walio zamu wamechoka. Hiyo saa hakuna aliyeipanga, na ndo maisha yenyewe ya mle ndani.

Nshawahi kuingia mahali pamoja saa kumi na robo, sitaji jina. Wanaume kumi na mmoja kwa benchi refu lililoegemea ukuta, niliwahesabu. TV iko juu inapiga kelele, moja ya zile soap za Kimeksiko, hakuna hata mmoja anaitazama. Mmoja alikuwa na kifuniko cha soda anakizungusha kwa kidole, huyo ndo alikuwa na shughuli. Wote sweta za rangi moja, na mmoja suruali yake imekazwa na kamba ya gunia kwa vile haikuwa yake, zinafuliwa pamoja alafu kila mtu anavalishwa kile kimekauka. Anti wa zamu alikuwa mlangoni na simu yake, na si mtu mbaya, aliniletea kiti, akaniuliza kama nakunywa chai. Nikakaa dakika arobaini. Kwa hizo dakika zote neno waliloambiwa wale wazee ni "Kaa!", mara mbili, kwa mtu mmoja huyo huyo. Sakafu ilikuwa inang'aa unaweza kujiona. Wewe unaogopa harufu ya mkojo, sawa, iogope, lakini mimi nikisikia Jik tupu saa kumi jioni kwa nyumba ya watu kumi na moja, hakuna harufu ya kitunguu, hakuna harufu ya sabuni ya kufulia, najua hapo hakuna mtu anaishi, watu wamewekwa.

Alafu kuna nyumba ingine ya kukodi upande wa Kahawa West, wakaazi wanne tu, rangi imebanduka, pale kwa uwanja maji ya mvua yametuama. Nilipoingia kulikuwa na mwanaume wa miaka arobaini hivi kwa mfereji wa nje, anaosha sufuria ya ugali. Ankoli anayemsaidia amechuchumaa kando, ameshika ukingo wa sufuria isibingirike, anampa stilwaya. Jamaa anasugua mara tatu, anasimama, anaangalia mawingu. Ankoli hasemi kitu, anangoja, baadaye anamgusa kidogo nyuma ya mkono, jamaa anarudi anasugua. Sufuria moja nadhani ilichukua robo saa na ukoko mwingine ulibaki. Alafu akapewa shilingi ishirini wakatoka wawili kwenda kibanda kununua dhania, na mama mboga alikuwa anamjua jina, akamtania, "leo umekuja na bodigadi." Hapo ningemuacha ndugu yangu nilale.

Hii si mapenzi yangu tu. Kulikuwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, Jim Mansell, yeye na wenzake walikaa miaka mingi wakipima vitu kama hivi, wanaingia kwa nyumba wanahesabu dakika: mtu amefanya nini, ameongeleshwa mara ngapi, amesaidiwa vipi. Walipata kutoa watu kwa mahospitali makubwa na kuwapeleka nyumba ndogo kulisaidia, ndio, lakini nyumba zenyewe zilikuwa zinatofautiana sana, unakuta mbili zinafanana kila kitu, hii watu wanaishi na ile watu wamekaa tu. Uzuri wa nyumba haukueleza hiyo tofauti, na hata kuongeza wafanyikazi peke yake hakukutosha. Kitu kilichobeba uzito ni vile mfanyikazi anasaidia: anaikata kazi vipande vidogo, anakufanyia kile kipande huwezi, anakuachia kile unaweza. Kama yule Ankoli na ukingo wa sufuria. Haihitaji pesa nyingi, inahitaji mtu wa kufundishwa na meneja anayetoka ofisini kuona.

Ndo maana hata hilo neno "nyumba ndogo" lisikudanganye. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, ule Kenya iliridhia 2008, ilisema 2017 wazi kabisa kwamba kinachofanya mahali pawe kizuizi si idadi ya vitanda, ni mtu kunyimwa kuchagua maisha yake ya kila siku: ale nini, alale saa ngapi, akae na nani. Watu watano wanaweza kukaa kwa ploti nzuri na bado wakawa wamefungwa.

Sasa hicho cheti ukutani. Kisome. Sio kukiangalia, kusoma, wengi huwa wanaogopa kukaribia ukuta wasionekane wana wasiwasi. Mara nyingi utakuta ni leseni ya biashara ya kaunti, ile ile ya mwenye duka, ama cheti cha kusajiliwa kama kikundi. Kwa watoto angalau kuna sheria ya 2022 na serikali ina mpango wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwa hizi nyumba za watoto warudi kwa familia. Kwa watu wazima kama kakako hakuna mpango wa aina hiyo, ni kama tunadhani watoto wenye usonji wakifika miaka kumi na nane huwa wanayeyuka. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu na mashirika yanayowahudumia, kwa hivyo uliza kama wamesajiliwa huko, na kama wanaweka dawa na kudunga sindano uliza leseni ya afya na jina la muuguzi. Lakini kusajiliwa na kukaguliwa ni vitu viwili, na mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka anapikiwa kuku. Mkaguzi wa kakako ni wewe, na ukishindwa, ni binamu, ni mtu wa kanisa lenu, bora kuna mguu unaingia hapo geti kila wiki. Ruai na Umoja ni matatu moja ya Kangundo Road.

Ukiwa hapo sikiliza wanavyoitana. Nikisikia mtu ana ndevu na anaitwa "mtoto wetu", "watoto wetu hawa", mimi huanza kukaa vibaya kwa kiti. Wanadhani ni upendo, na wengine kweli ni upendo, lakini mtu aliyeitwa mtoto hapewi kisu cha kukata nyanya, haulizwi, na akikasirika anaonekana ana utundu wa kurekebishwa. Uliza pia aliyekaa kazini hapo muda mrefu zaidi ana muda gani. Ukiambiwa miezi minne, uliza wengine walienda wapi, na mshahara huwa unalipwa tarehe ngapi. Najua unaona aibu kuuliza mshahara wa watu. Uliza tu. Wenye hizi senta wengi ni akina mama waliofungua kwa sababu mtoto wao mwenyewe alikosa pa kwenda, wana moyo lakini hawana pesa, na kegiva asiyelipwa miezi miwili hata awe malaika mkono utakuwa mwepesi.

Na swali ambalo mimi napenda kuliko yote: "Mtu akianza kupiga wengine ama kujigonga kichwa, nyinyi hufanya nini?" Alafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Mwenye kujua kazi atakuuliza wewe maswali: huwa inaanza saa ngapi, kabla ya hapo kulikuwa na nini, analala vizuri, ana jino linauma? Manake mtu asiye na maneno, tabia ikibadilika ghafla, sisi huangalia meno, masikio na tumbo kabla ya kichwa. Nshaona kijana akiitwa mkorofi wiki tatu nzima kumbe ni jipu la jino. Ukijibiwa "tunamweka kwa chumba peke yake atulie" ama "tuna sindano yake", chukua mkoba wako.

Hapo kwa dawa nina kidonda changu mwenyewe, wacha nikwambie. Miaka kama minane imepita, nilisaidia familia moja kumpeleka kijana wao kwa senta, mimi ndiye niliyesema panafaa. Palikuwa pasafi, niliwaamini, nikakaa miezi mitano bila kurudi, kazi nyingi, wajua. Siku niliporudi nilimpita pale kwa veranda nikidhani ni mtu mwingine. Amenenepa, mate yanamtoka, macho yanafunguka nusu. Alikuwa ameongezewa dawa ya kutuliza mara mbili kwa sababu alikuwa anapiga mlango usiku, kisha akaongezewa ingine kwa sababu ile ya kwanza ilimfanya atetemeke. Hakuna aliyeuliza anapiga mlango kwa nini. Nikamshika tumbo, gumu kama meza. Hajaenda choo siku tisa, na hizo dawa nyingi ndo hufunga choo zaidi. Kufunga choo watu wanaona ni jambo la kuchekesha, lakini kwa mtu asiyeweza kusema tumbo linauma, kunaua, utumbo unaziba kabisa. Tulimkimbiza hospitali akapona. Aliponiona kitandani alishika kidole changu kimoja akakivuta mpaka kwa tumbo lake. Usiku wote huo alikuwa anagonga mlango kuwaambia.

Kwa hivyo siku ya kwanza mpime kakako kilo, andika, piga picha ya karatasi za dawa zake zote na dozi, na makovu yoyote aliyo nayo. Kila mwezi mpime tena, mizani ya duka la dawa inatosha. Akipungua kilo tano uliza, akiongezeka kilo tano uliza. Waambie wazi dawa yoyote ya kumtuliza isianzishwe wala kuongezwa kabla wewe hujapigiwa na daktari kukueleza ni ya nini na itaangaliwa lini kama bado inahitajika. Na wawe na daftari la choo. Watacheka. Wacheke.

Kifafa sasa. Uingereza tena, 2013, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na usonji na kifafa, Connor Sparrowhawk, alikufa Oxford ndani ya bafu la kituo cha afya. Aliachwa aoge peke yake kwa karai kubwa lile la kulala, kifafa kikamshika, akazama. Mama yake alikuwa ashawaambia kwamba anaona dalili za kifafa, hawakufuata. Wewe uliza ni nani anakaa karibu kakako akioga, na usikubali "huwa tunaangalia". Jina la mtu. Kama ni kuoga kwa ndoo na kikombe amekaa kwa kiti cha plastiki na mlango uko wazi kidogo, hiyo ni salama na heshima pia imebaki. Na kegiva yeyote wa zamu, hata yule wa usiku, akuonyeshe atafanya nini kifafa kikianza: anamlaza ubavu, anaondoa vitu vigumu, anaangalia saa, hamtii kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano ni kukimbia hospitali. Ukiona wanaangaliana kwa hilo swali, umejua.

Usiku pia nenda, ama angalau uliza. Wako wangapi macho, na mlango unafungwa kutoka upande gani. Angalia vyuma vya dirisha na uulize funguo inakaa na nani. Bweni la shule ya Kyanguli lilipoungua 2001 mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma, tukazika watoto 67, na 2024 tukazika wengine 21 wa moto wa shule ya Endarasha, kwa hivyo mtu akiniambia anafungia watu wazima na kufuli usiku wasitoroke, mimi siwezi kumsikiliza maneno mengine.

Mambo ya pesa nitapita haraka. Kitambulisho chake kibaki na wewe, waachie kopi. Kama anapata ile 2,000 ya serikali kwa mwezi, ya Inua Jamii, iingie kwa laini ama akaunti unayoishika wewe. Kama hujamsajili na Baraza bado, anza, daktari atamfanyia tathmini ndo apate kadi. Mkataba uandikwe: ukichelewa kulipa wiki mbili kitafanyika nini, na ukitaka kumtoa leo leo utapoteza kiasi gani. Na kwa mkataba huo huo, ama barua ya pembeni, andikeni kwamba hapigwi, hafungwi, hafungiwi. Si kwamba unawatusi, Katiba yenyewe kifungu cha 29 kinakataza kumpiga mtu na kumtesa na kumzuilia bila sababu, na cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na Mei 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu badala ya ile ya 2003. Wewe unawakumbusha tu.

Lakini kabla ya kulipa, hebu piga hesabu nyingine. 45,000 kila mwezi ni pesa. Kwa hizo Umoja unaweza kumlipa mtu wa kushinda na kakako mchana, mtu mzima mvumilivu umfundishe mwenyewe na mimi nikusaidie siku mbili tatu, akae kwenu, kwa kitanda chake, kwa mtaa ambao tayari wanamjua, na zibaki za kulipia wikendi moja kwa mwezi mahali pengine ndo wewe upumue. Uliza yule jirani kwanza, umesema anashinda kwake na hulalamiki kuhusu jirani popote kwa barua yako, hiyo nimeiona. Labda jirani mwenyewe anahitaji kulipwa tu aache kibarua kingine. Sisemi ndo lazima, kuna watu mambo yao hayawezekani nyumbani, na huenda wewe ushajaribu ukashindwa bila kuniambia. Lakini barua yako imeruka kutoka kwa matanga mpaka kwa senta, katikati hakuna kitu.

Umeuliza kama unamtupa. Mimi nimeona waliotupwa. Wengine wana watu wao hapa hapa Nairobi, ada inalipwa kwa M-Pesa tarehe moja bila kukosa, na fomu yao kwa sehemu ya mgeni wa mwisho imeandikwa mwaka juzi. Nimeona pia mwanamke ambaye kaka yake ako kwa senta miaka sita na kila Jumatano anampelekea mandazi, wanakula chini ya mti wakiwa wamenyamaza kabisa, saa nzima, alafu anachukua matatu. Huyu mwanamke na ndugu wa wale waliotupwa, wote walitia sahihi fomu ile ile siku ya kwanza.

Akienda, asiende siku moja na begi. Mpeleke mchana mmoja mnywe uji mrudi. Wiki ijayo ale hapo chakula cha mchana. Alafu alale usiku mmoja na wewe uwe naye ama uje asubuhi mapema. Mwandikie karatasi moja wafanyikazi wabandike: anapenda nini, anaogopa nini, akivuta sikio maana yake nini, mama alikuwa anamwimbia nini akikataa kuoga. Wewe ndiye unayejua hiyo lugha sasa, imebaki na wewe peke yako, iandike wiki hii kabla hujasahau vitu vidogo.

Redio aende nayo. Andika jina lake nyuma na maka pen, mnunulie betri mbili za ziada, na wakikwambia tena zinapotea, waulize zikipotea huwa zinaenda wapi.